Umri si rika: safari ya Warner Schaie kuelekea utafiti wa akili za wazee

Ukiwakusanya watu mia tano wa umri mbalimbali, ukawapa mtihani mmoja wa akili ndani ya kipindi kifupi, kisha ukapanga alama zao kuanzia za vijana wa miaka ishirini hadi za wazee wa miaka sabini, karibu kila mara utapata mchoro wa namna moja: kilele mapema, halafu mteremko usiokoma. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanasaikolojia wengi wa Marekani waliusoma mchoro huo kana kwamba ni historia ya maisha ya mtu mmoja. Jeshi la nchi hiyo lilipowapima askari wake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilionekana kwamba maofisa wenye umri mkubwa walipata alama za chini kuliko wadogo wao. David Wechsler, aliyetoa kipimo chake maarufu cha akili za watu wazima mwaka 1939, alieleza kwamba uwezo wa akili, kama ulivyo uwezo wa mwili, huanza kupungua mapema tu baada ya miaka ya ishirini. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kufikia maneno tunayoyasikia hadi leo nyumbani na hata katika foleni za hospitali: mzee amerudi utotoni, kichwa kimechoka, ndio uzee wenyewe.

Mchoro haukuwa wa uongo. Tatizo lilikuwa katika namna ya kuusoma, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu linafunga pamoja mambo matatu yasiyokubali kutenganishwa kirahisi: umri wa mtu, rika lake, na wakati anapopimwa. Waswahili tuna bahati ya kuwa na neno rika, maana lugha nyingi hulazimika kuazima neno la kitaalamu kwa jambo hili. Rika si umri. Umri huongezeka kila mwaka, ilhali rika halibadiliki. Waliopelekwa jandoni msimu mmoja, au walioingia darasa la kwanza mwaka mmoja, hubaki wa rika moja hata wakiota mvi, na maisha yao yote hubeba athari za zama walizokulia. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine katika kuonyesha kwamba saikolojia ya uzee ilikuwa imechanganya umri na rika ni K. Warner Schaie, na njia iliyomfikisha kwenye swali hilo inaeleza mengi kuhusu swali lenyewe.

Schaie alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Stettin, ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo, kwa jina la Szczecin, uko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1939 ilikimbia utawala wa Wanazi na kwenda Shanghai, mji uliokuwa miongoni mwa mahali pachache sana duniani palipowapokea wakimbizi bila viza, na huko ndiko alikopitisha ujana wake katika miaka ya vita. Mwishoni mwa 1938 serikali ya Ujerumani ilikuwa imewafukuza watoto wote wa Kiyahudi katika shule za umma, kwa hiyo kwa jamii yake tofauti ya miaka kumi tu katika tarehe ya kuzaliwa ilitosha kumtenganisha aliyemaliza shule na aliyekatizwa. Simaanishi kwamba nadharia yake ilitoka moja kwa moja katika machungu hayo, ila mtu aliyekulia humo hakuhitaji kufundishwa kwamba mwaka wa kuzaliwa unaweza kuamua mtu atajifunza nini, wapi na kwa muda gani.

Baada ya vita alihamia San Francisco, akajikimu kwa kazi ya uchapaji huku akisoma, kwanza katika City College ya mji huo, kisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikohitimu shahada ya kwanza mwaka 1952. Huko Berkeley alisoma chini ya Read Tuddenham, ambaye alimjulisha kazi ya Louis Thurstone. Katika miaka ya 1930 Thurstone alikuwa amepinga wazo kwamba akili ni kitu kimoja kinachoweza kuelezwa kwa tarakimu moja, akaonyesha kwamba alama za mitihani mingi huelekea kujikusanya katika mafungu machache ya uwezo wa msingi, kila fungu likiwa na tabia yake. Majaribio aliyoyatengeneza yalikuwa yametumika zaidi kwa watoto na vijana. Schaie, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alitaka kujua kama mafungu hayo hushuka pamoja mtu anapozeeka, au kila moja hufuata njia yake.

Inafaa tuyaone majaribio hayo kwa karibu, kwa sababu hoja yote iliyofuata imejengwa juu yake. Katika jaribio la maana za maneno, mtahiniwa huoneshwa neno moja na kutakiwa kuchagua, kati ya mengine kadhaa, lile lenye maana iliyo karibu nalo zaidi. Katika jaribio la maumbo, kuna umbo mfano wa herufi F upande wa kushoto, na upande wa kulia maumbo sita yanayofanana nalo; mengine ni lile lile lililozungushwa tu, mengine limegeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo, na kazi ni kuyatambua yaliyozungushwa bila kudanganywa na yaliyogeuzwa. Katika jaribio la hoja, mfululizo wa herufi umepangwa kwa kanuni fulani nawe unatakiwa kuitambua kanuni hiyo na kutaja herufi inayofuata. Katika jaribio la hesabu unapewa hesabu za kujumlisha zilizokwisha kufanywa na kuulizwa kama jibu ni sahihi au si sahihi. Mwisho, unapewa dakika chache uandike maneno mengi kadiri uwezavyo yanayoanza na herufi moja. Yote hufanywa kwa saa, na yote hudai mtu aliyezoea karatasi, kalamu na chumba cha mtihani. Jambo hili la mwisho tutalirudia.

Wazee wa kupimwa aliwapata mahali pasipotarajiwa. Daktari aliyekuwa akiitibu familia yake alikuwa pia akiwahudumia wagonjwa wazee, akamruhusu kijana huyo kuwapima waliokuwa wakisubiri kuonwa. Napenda picha hiyo: mwanafunzi amekaa na karatasi zake kwenye chumba cha kusubiri, wazee wakizungusha maumbo kichwani huku wakingoja kuitwa. Matokeo aliyawasilisha mwaka 1951 katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya uzee uliofanyika St. Louis, yakachapishwa mwaka 1953 pamoja na wenzake wawili. Yalionyesha kwamba uwezo mbalimbali haupungui kwa kiwango kimoja. Mzee anayechelewa kwenye maumbo anaweza kuwa imara kabisa kwenye maneno, na kumpa mtu huyo alama moja ya jumla ni sawa na kujumlisha mahindi na maembe kisha kutangaza kwamba shamba limetoa kiasi fulani cha "mazao".

Hadi hapo Schaie alikuwa bado hajakutana na tatizo la rika. Alikwenda Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kufanya shahada ya uzamivu chini ya Charles Strother, na hapo akahitaji watu wengi zaidi ya wale wa chumba cha kusubiri. Strother alikuwa na nafasi katika uongozi wa Group Health Cooperative, ushirika wa matibabu ambao wakati huo ulikuwa na wanachama wapatao 18,000 katika eneo la Seattle, na kupitia orodha ya wanachama hao utafiti ulipata watu wake. Mwaka 1956 walipimwa watu 500, kuanzia miaka 21 hadi 70, wakigawanywa katika mafungu ya miaka mitano mitano, na kila fungu likiwa na wanaume 25 na wanawake 25. Mpangilio huo ulikuwa safi kuliko tafiti nyingi za zama zake. Hata hivyo, mchoro uliopatikana ulikuwa ule ule wa siku zote: vijana juu, wazee chini.

Kilichomsumbua ni kwamba katika miaka hiyo hiyo watafiti wengine walikuwa wamechapisha matokeo yanayosema kinyume. William Owens wa Iowa aliwatafuta wanaume waliokuwa wamefanya mtihani wa jeshi mwaka 1919 walipoingia chuo, akawapata 127, akawapa mtihani ule ule baada ya miaka takriban thelathini. Kwa ule mchoro wa zamani, watu hao waliokaribia hamsini walipaswa kuwa wameshuka sana. Badala yake, kwa jumla walikuwa wamepanda. Watafiti wengine waliofuatilia watu wale wale kwa muda mrefu walipata picha inayofanana na hiyo. Ukiwapima watu tofauti kwa wakati mmoja, akili inashuka. Ukimfuata mtu mmoja miaka nenda miaka rudi, inapanda au inatulia. Wengi wangeuchukulia mkanganyiko huo kuwa kasoro ya sampuli na kuendelea na shughuli zao. Schaie aliamua kuugeuza utafiti wake wa mara moja kuwa utafiti wa kufuatilia, na mwaka 1963, miaka saba baada ya kipimo cha kwanza, aliwatafuta tena wale 500. Walipatikana takriban 300. Pamoja nao alipima watu wapya wapatao elfu moja kutoka ushirika ule ule, na uamuzi huo wa kuongeza watu wapya ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa kazi yake yote.

Ili kuona kwa nini watu wapya walikuwa na umuhimu mkubwa hivyo, mchukue mtu mmoja aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye mwaka 1956 alikuwa na miaka 60 na mwaka 1963 akafika 67. Tunataka kujua miaka hiyo saba ya kuzeeka imemfanyia nini. Njia ya kwanza ni kumlinganisha, mwaka ule ule wa 1956, na mtu mwingine ambaye tayari ana miaka 67. Lakini huyo wa pili alizaliwa mwaka 1889. Hawatofautiani kwa umri tu, wanatofautiana pia kwa rika, na huenda mdogo alipata shule nzuri zaidi, chakula bora zaidi, au kazi iliyomtaka kusoma kila siku. Njia ya pili ni kumlinganisha na yeye mwenyewe mwaka 1963. Hapo rika ni moja, lakini pamoja na umri umebadilika pia wakati: kati ya 1956 na 1963 televisheni imeenea zaidi nyumbani, matibabu yamebadilika, na zaidi ya hayo, mtihani wenyewe ameshauona mara moja. Njia ya tatu ni kumlinganisha yeye wa 1956 na mtu mwingine aliyefikisha miaka 60 mwaka 1963. Sasa umri ni mmoja, lakini rika na wakati vyote viwili ni tofauti. Kila njia hushika jambo moja na kuyaachia mawili yatembee pamoja, wala hakuna njia ya nne, kwa sababu ukishajua mwaka mtu aliozaliwa na mwaka anaopimwa, umri wake umekwisha kujulikana. Ni hesabu ya kutoa tu, na ndiyo maana hakuna hila ya takwimu inayoweza kuyatenganisha mambo hayo matatu kikamilifu bila mtafiti kuongeza dhana fulani kutoka nje ya data.

Katika makala yake ya mwaka 1965 katika jarida la Psychological Bulletin, Schaie aliliweka fundo hilo wazi na kupendekeza kwamba badala ya kuchagua njia moja, watafiti wakusanye data inayoruhusu njia zote tatu kwa pamoja: warudi kwa watu wale wale, na kila wanaporudi wapime pia watu wapya wa umri wote. Paul Baltes, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyekuja kuwa mwenzake wa karibu, alimkosoa mapema akisema kwamba, kwa kuwa la tatu hupatikana kutokana na mawili, haifai kujidai kwamba yote matatu yamepimwa peke yake. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Haukuuangusha mpango; uliufanya uwe mnyenyekevu zaidi katika madai yake, na mpango wa kukusanya data ukabaki ulivyo. Seattle ilirudiwa mwaka 1970, 1977, 1984, 1991, 1998 na 2005, hadi watu wapatao 6,000 wakawa wamepimwa angalau mara moja.

Data hiyo ilipokaa pamoja, ule mteremko wa zamani uligawanyika sehemu mbili. Sehemu kubwa yake, hasa ile inayoonekana kabla ya miaka sitini, ilitokana na rika: watu waliozaliwa baadaye walianza maisha ya utu uzima wakiwa juu zaidi ya waliowatangulia, kwa hiyo walipowekwa kando kwa kando katika siku moja wazee walionekana wameshuka, wakati ukweli ni kwamba wengi wao hawakuwahi kufika juu hivyo. Ukiitazama historia ya shule za Marekani, jambo hili halishangazi. Mwaka 1910 ni takriban asilimia 9 tu ya vijana wa nchi hiyo waliomaliza shule ya sekondari. Kufikia 1940 walikuwa kama nusu. Mtu aliyezaliwa 1889 na mtu aliyezaliwa 1922 walitenganishwa na mapinduzi mazima ya elimu, kisha wakakalishwa chumba kimoja mwaka 1956 na kupewa karatasi moja.

Sehemu ya pili ya mteremko ilikuwa ya kweli. Watu waliofuatiliwa, kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake ya awali, walionyesha ongezeko dogo hadi miaka ya mwisho ya thelathini au mwanzo wa arobaini, kisha utulivu hadi miaka ya kati ya hamsini au mwanzo wa sitini, halafu upungufu mdogo unaoongezeka baada ya miaka sabini. Kasi ya kutambua vitu kwa macho hupungua mapema kuliko uwezo mwingine. Maana za maneno hudumu muda mrefu, ingawa nazo zinaposhuka katika uzee mkubwa hushuka kwa kasi. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kupita matarajio: hata katika umri wa miaka 81, chini ya nusu ya waliopimwa ndio waliokuwa wameonyesha upungufu wa kuaminika katika uwezo husika kwa miaka saba iliyotangulia. Kwa maoni yangu takwimu hiyo moja ina uzito kuliko michoro yote ya wastani, kwa kuwa wastani unaoteremka pole pole unaweza kuundwa na watu wachache walioanguka sana wakiwa kati ya wengi waliosimama palepale.

Wala isidhaniwe kwamba kila rika jipya hulishinda lililotangulia katika kila jambo. Katika uwezo wa hoja na maana za maneno, wa Seattle waliozaliwa baadaye walikuwa juu. Katika hesabu za kujumlisha haikuwa hivyo: walioongoza ni waliozaliwa takriban kati ya 1910 na 1924, na baada yao alama zikaanza kushuka. Mwenye duka wa rika hilo alijumlisha kichwani siku nzima. Wajukuu wake wana kikokotoo. Ukiwapima pamoja leo kwa jaribio la kujumlisha, unaweza kujikuta unahitimisha kwamba uzee huongeza akili ya hesabu, na utakuwa umefanya kosa lile lile lililofanywa katika kuzisoma alama za maofisa wa jeshi, safari hii likiegemea upande wa wazee.

Njia ya kufuatilia nayo ina udhaifu wake, na hapa wafuasi wa Schaie wakati mwingine wamekuwa wepesi mno kushangilia. Wanaorudi kupimwa si sawa na wasiorudi. Waliokufa, waliougua, waliohama na waliokata tamaa kwa kuona vibaya alama zao hawamo katika kipimo cha pili, kwa hiyo kundi linalobaki huzidi kuwa la wenye afya na wenye uwezo. Pia mtu anayepewa jaribio la maumbo kwa mara ya tatu si mgeni tena. Ameshajua namna ya kujilinda na yale yaliyogeuzwa. Mambo hayo mawili huvuta mstari juu na kuuficha upungufu halisi. Timothy Salthouse wa Chuo Kikuu cha Virginia ndiye aliyelisisitiza hili kwa nguvu kuliko wote. Mwaka 2009 alichapisha makala akidai kwamba ukishaondoa faida ya mazoea ya mtihani, baadhi ya uwezo huanza kupungua kwa watu wenye afya wangali katika miaka ya ishirini na thelathini, kama ule mchoro wa zamani ulivyokuwa ukisema. Schaie alimjibu mwaka huo huo kwa maneno makali, akimtuhumu kwa kulifufua kosa la kusoma tofauti za watu kama mabadiliko ya mtu.

Nadhani wote wawili wameshika kitu cha kweli. Wale watu wapya waliopimwa kila awamu wanasaidia hapa pia, kwa maana mtu wa rika lile lile anayepimwa kwa mara ya kwanza hana mazoea wala hajachujwa na kurudi kwingi, hivyo anaweza kuwekwa kando ya aliyerudi na tofauti yao ikapimwa. Masahihisho ya namna hiyo huusogeza mteremko mapema kiasi na kuufanya mkali zaidi kuliko unavyoonekana kwa waliorudi peke yao. Hayaurudishi hadi miaka ya ishirini kwa kila uwezo. Mahali hasa unapoanzia hutegemea ni uwezo gani tunaouzungumzia, na swali la jumla, "akili huanza kushuka lini", ndilo ambalo Schaie alikuwa ameonyesha tangu chumba cha kusubiri cha daktari kwamba halina jibu moja.

Kuanzia hapo utafiti ungeweza kuishia kwenye takwimu, lakini uliingia pia katika maisha ya watu. Waliodumisha uwezo wao walielekea kuwa wale wasio na magonjwa ya muda mrefu ya moyo na mishipa ya damu, walioishi katika mazingira yaliyowataka kufikiri, waliokuwa wepesi wa kubadilika katika umri wa kati, na hata waliooa au kuolewa na mwenzi mwenye uwezo mkubwa wa akili. Uhusiano wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kipi kimesababisha kipi. Ndiyo maana jaribio la mwaka 1984, alilolifanya pamoja na mwanasaikolojia Sherry Willis, mke wake, lina thamani ya pekee. Walichukua watu 229 wenye umri wa zaidi ya miaka 64, ambao historia yao ya vipimo ilikuwa inajulikana tangu 1970. Baadhi walikuwa wameshuka na wengine hawakushuka. Kila mmoja alifundishwa nyumbani kwake, vipindi vitano vya saa moja moja, mbinu za kutatua maswali ya hoja au ya maumbo. Takriban theluthi mbili waliboreka kwa kiasi cha kuaminika, na kati ya wale waliokuwa wameshuka, takriban asilimia 40 walirudi kwenye kiwango walichokuwa nacho miaka kumi na minne nyuma. Hii haina maana kwamba mafunzo huzuia ugonjwa wa ubongo, na faida yake ilikaa zaidi kwenye uwezo uliofundishwa. Ina maana kwamba sehemu ya kile kilichoitwa kuzeeka ilikuwa ni kutu ya kutotumiwa, na bila kumbukumbu ya 1970 hakuna ambaye angeweza kuwatenganisha walioshuka na ambao tangu awali walikuwa chini.

Kwetu fundo hili limekazwa zaidi, kwa sababu historia ya shule imebadilika kwa kasi kubwa kuliko hata ya Seattle. Kipimo kinachotumika sana hospitalini duniani kuchunguza demensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kunakotokana na ugonjwa wa ubongo), kilichotolewa Marekani mwaka 1975, humtaka mgonjwa aandike sentensi, atoe saba kutoka mia moja mara tano mfululizo, na kunakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Mpe karatasi hiyo bibi wa miaka themanini ambaye amelima kahawa na migomba maisha yake yote, akalea watoto na kusimamia fedha za familia bila kushika kalamu, naye atapata alama za mgonjwa. Alama hizo zitakuwa zimepima rika lake, hasa rika la wasichana wasiopelekwa shule, kisha zitaandikwa kwenye faili lake kana kwamba zimepima ubongo.

Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walilikabili jambo hilo ana kwa ana. Uchunguzi uliofanyika huko kwa watu wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba takriban asilimia 6.4 walikuwa na demensia, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Katika kazi iliyofuata kilitengenezwa kipimo kifupi, kilichochapishwa mwaka 2014, ambacho hakimdai mzee kusoma wala kuandika. Anaulizwa daraja ni nini. Anatakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Anasomewa orodha ya maneno kumi na kuombwa ayakumbuke baada ya muda. Na pale ambapo kipimo cha kigeni kingempa kalamu, mpimaji huchukua vijiti vya kiberiti, hupanga umbo juu ya meza, kisha humpa mzee vijiti vyake aupange mfano huo. Uwezo unaotafutwa ni ule ule wa kuliona umbo na kuliunda upya kwa mikono, lakini kiberiti kimo katika kila jiko, na mikono ya bibi yule imekizoea kuliko ilivyoizoea karatasi.

Kazi ya kutenganisha umri na rika haijaisha kwa kubadilisha kalamu kuwa kijiti. Waliokuwa na miaka 70 wakati wa uchunguzi wa Hai walizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na mapema miaka ya 1940, chini ya ukoloni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la kila mtoto wa Tanzania kupata elimu ya msingi kufikia 1977, na mtoto aliyezaliwa mwaka 1970, aliyekuwa na miaka saba wakati huo, atafikisha miaka 70 mwaka 2040. Atakayerudi Hai mwaka huo na kipimo kile kile atawakuta wazee wenye umri ule ule na rika jingine kabisa, na iwapo watataja wanyama wengi zaidi ndani ya ile dakika moja, itabidi aamue ni kiasi gani cha tofauti hiyo akihesabu kwa darasa la kwanza la 1977 na ni kiasi gani kwa afya ya ubongo wao. Data ya kumwezesha kuamua ni ile itakayokuwa imekusanywa kati ya sasa na wakati huo, kwa kurudi kwenye nyumba zile zile na kubisha hodi pia kwenye mpya.